Kijiko Huvunjikia Shingoni

Vijiko vya mti vilivyovunjika nimevishika vingi, na karibu vyote vimevunjikia mahali pamoja: shingoni, pale mpini unapokutana na kichwa. Mwenye kijiko hudhani mti ulikuwa mbovu, au mchongaji alipunguza mno. Mimi hukilaza ubavu nikatazama nyuzi. Mara nyingi nazikuta zimekatiza shingo mshazari, zimeingilia juu na kutokea chini katika nafasi isiyozidi upana wa kidole. Kijiko cha namna hiyo kilivunjika siku kilipochongwa. Kilichobaki ni kungoja mtu akikoroge nacho kitu kizito.

Nguvu ya mti imo katika urefu wa nyuzi zake. Uzi mmoja kukatika ni kazi, lakini kuachana na jirani yake ni rahisi, na ndiyo maana kuni hupasuka kwa urefu. Kwa hiyo shauri langu la kwanza kwa anayeanza halihusu kisu hata kidogo. Pasua gogo, usilichane kwa msumeno. Msumeno hufuata mstari uliouchora wewe. Kabari hufuata nyuzi, hata zikiwa zimejipinda. Chukua kipande cha sentimita 30 hivi, kisicho na fundo, weka kabari ipite katikati ya kiini, kisha gonga polepole. Utasikia mti ukilia kabla haujaachia. Pasua tena nusu ile iwe robo, na uso uliopatikana ndio ramani yako: ukiona nyuzi zimenyooka toka mwisho hadi mwisho, una kijiko.

Kiini, ile nukta ya katikati ya gogo, kitupe. Mti unapokauka husinyaa, na kusinyaa kwake kufuata mzingo wa pete za ukuaji ni karibu mara mbili ya kule kwa kuzikatiza. Kipande kilichobeba kiini kizima hakiwezi kuridhisha pande zote mbili, basi hupasuka.

Nachonga mti ungali mbichi, kwa sababu ni laini na maranda hutoka marefu. Mti mbichi nao una masharti yake. Maji hutoka kwa kasi kubwa zaidi kwenye ncha zilizokatwa kuliko ubavuni, kwa hiyo nyufa huanzia nchani. Nikilazimika kuiacha kazi katikati, naifunga ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na maranda yake, au naitumbukiza majini. Kichwa kikishachimbwa na unene ukawa karibu sawa kila mahali, nakiacha kikauke kivulini taratibu, kisha ndipo narudi na kisu kwa mikato ya mwisho.

Kuhusu aina ya mti, tafuta mgumu wenye vitundu vidogo: mpera, mchungwa, mlimau, mzeituni. Mnyaa usiuguse kabisa, utomvu wake huunguza ngozi na macho. Mkorosho pia nauepuka kwa sababu nao una utomvu wa kuwasha.

Shoka hufanya sehemu kubwa ya kazi, na watu huliacha mapema mno. Mkono unaoshika kipande uwe juu, shoka lipige chini yake, juu ya kigogo imara. Ukifika shingoni, kata kwanza mkato mfupi wa msumeno pande zote mbili ili mpasuko usikimbilie kichwani.

Sasa kisu, na hapa ndipo wanafunzi wangu hukwama. Kisu hushuka, hakipandi. Fikiria fungu la nyasi lililofungwa, ukalikata mshazari: ukipapasa kufuata mteremko, ncha hulala, ukipapasa kinyume, huinuka. Nyuzi za mti ni hivyo hivyo. Mgongo wa kichwa umevimba, basi anzia pale palipoinuka zaidi ushuke kuelekea ncha, kisha ugeuke ushuke kuelekea shingo. Shingo yenyewe imebonyea, basi shuka kutoka mpinini hadi bondeni, simama, geuza kijiko, ushuke kutoka kichwani. Mikato miwili ikutane chini kabisa, wala usijaribu kuupanda ukuta wa pili kwa mkato uleule. Ndani ya kichwa, kwa kisu kilichopinda, anza kwa kukatiza nyuzi kutoka ukingo mmoja kuelekea katikati. Mkato mzuri una sauti laini kama pumzi. Ukisikia mkwaruzo na kisu kikawa kama kinavutwa ndani ya mti, umekwenda kinyume. Usiongeze nguvu. Geuza kijiko.

Wahenga walisema mchonga mwiko hukimbiza mkonowe, na walimaanisha mikono halisi kabla ya kumaanisha jambo lingine lolote. Kabla ya kila mkato jiulize kisu kitaishia wapi kikiteleza. Viwiko vibane mbavuni ili mkato uwe mfupi, na usichonge kamwe kuelekea paja, kwa kuwa ndani yake mnapita mshipa mkubwa wa damu. Kisu butu ndicho kinachokata watu, kwa sababu kinadai nguvu. Noa kwenye kinoo mpaka uhisi kijiuzi chembamba cha chuma upande wa pili wa makali, kisha kiondoe kwa kusugua kisu kwenye ngozi.

Ukiisha kuzoea, tafuta tawi lililojipinda lenyewe. Nyuzi zake zimefuata kona tangu mti ukiwa hai, na kijiko kinachofuata kona hiyo kinaweza kuwa na shingo nyembamba kuliko chochote utakachotoa kwenye mti ulionyooka. Kwangu mimi hakuna furaha kama kupata tawi la namna hiyo.

Msasa situmii sana. Uso uliokatwa kwa kisu kikali hubaki umefunga. Wa msasa husimamisha vinyweleo ukilowa. Ukiutumia, lowesha kijiko, kiache kikauke, ukipitie tena. Mwisho paka mafuta ya kitani ya aina ya kuliwa, uyape wiki kadhaa yagande. Kitambaa ulichopakia kitandaze nje kikauke, usikikunje, maana mafuta hayo hutoa joto yanapokauka na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka moto chenyewe.