Mrudishieni simu yake

Jumatatu kaka mtu aliweka simu ya mdogo wake mezani kwangu kliniki. "Sista, hii tumemnyang'anya. Mgonjwa wa akili hashiki hela." Mwenye simu alikaa pembeni, macho chini. Ana miaka 26, ni fundi viatu, ana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo; sindano yake ya mwezi hajaikosa tangu mwaka jana. Hela zilizomo kwenye laini ile amezitolea jasho.

Kauli hiyo nimechoka nayo.

Mnachanganya magonjwa. Anayenunua pikipiki mbili kwa siku moja na kugawa noti mtaani, mara nyingi yuko kwenye mania, msisimko wa akili uliopita kiasi. Mwenye skizofrenia naye anaweza kufika huko, sauti zikimwamuru au akishika imani isiyo ya kweli. Lakini kwa wengi ninaowahudumia hela hupotea kimyakimya. Skizofrenia hula ule msukumo wa kuanza jambo, na uwezo wa kushika mambo matatu kichwani kwa pamoja. Dawa zetu hutuliza sauti. Msukumo hazirudishi vizuri hivyo. Basi LUKU, umeme wa kulipia kabla, inaisha na salio la simu lipo. Anakwenda kwa wakala, anakuta foleni, anarudi nyumbani. Siku ya kuchangia kikoba inampita, anapigwa faini. Mteja anabeba viatu, "nitakurushia jioni", na fundi wangu hamdai. Ndugu wakikuta mfuko mtupu wanasema amezimwaga. Hakumwaga! Hakudai.

Na ugonjwa huu huanza ujanani, miaka ileile wenzake wanapojifunza kupanga mshahara wa kwanza. Hilo nalo lihesabiwe.

Kumnyang'anya simu hakutibu hata kimoja kati ya hivyo. Tulikubaliana hivi: daftari moja, jina la mteja, viatu, kiasi. Umeme ananunua siku ya sindano, akiwa hapahapa kliniki. Mikopo ya simu hagusi. Namba ya siri ni yake peke yake; kaka anapitia daftari kila Jumamosi. Ukurasa wa mwisho aliandika kwa mkono wake: "Nikianza kutuma hela usiku kwa watu nisiowajua, kaka ashike simu mpaka nionane na sista." Kwake hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya kurudiwa, kabla hata ya sauti. Aliyaandika akiwa mzima, kwa hiyo ni uamuzi wake. Tanzania iliridhia mkataba wa haki za watu wenye ulemavu, wakiwemo wenye ugonjwa wa akili wa muda mrefu, mwaka 2009, na ibara ya 12 inataja haki ya mtu kusimamia fedha zake mwenyewe.

Kinachonisumbua ni ile "meza dawa ndipo nikupe hela". Nimeikemea mara nyingi. Mama mmoja alinificha kwa miezi kwamba sauti zimerudi, maana dada yake ndiye aliyeshika kodi ya vyumba vyake, na akisema anaumwa hapewi. Ila wapo niliowaona wakimeza dawa kwa sababu hiyo tu, wakapona vya kutosha kurudi kazini, na mimi nikanyamaza. Sina hakika kama nilikosea.

Kaka alisita, kisha akaisukuma simu ng'ambo ya meza. Mdogo wake akaiwasha, akaangalia salio, akafungua daftari.

"Yule wa raba nyeupe hajalipa," alisema. "Elfu nne."

Akampigia palepale.