Kuzimuliwa kwa hisa ni nini?

Kuzimua ni kuongeza maji kwenye kitu kizito mpaka kiwe chepesi. Hisa nazo huzimuliwa. Una hisa 100,000 katika kampuni yenye hisa milioni 10, yaani unamiliki asilimia 1. Kampuni ikitoa hisa nyingine milioni 10 na kuwauzia watu wengine, hisa zako zinabaki 100,000, ila umiliki wako sasa ni nusu ya asilimia. Hukuuza chochote.

Jambo hili peke yake si dhuluma, na wanahisa wengi wanakosea hapo. Hisa mpya zikiuzwa kwa bei ya haki, fedha zinazoingia zinaikuza kampuni, na kipande chako kidogo kinakuwa cha kitu kikubwa zaidi. Hasara huja zinapouzwa kwa bei ya kutupa. Katika mfano huo, hisa mpya zikiuzwa kwa nusu ya thamani yake, kila hisa ya zamani inapoteza robo ya thamani, na robo hiyo imehamia kwa mnunuzi mpya.

Kampuni ya teknolojia inayoyumba huingia humo kwa urahisi. Inalipa mishahara ya wahandisi miaka mingi kabla bidhaa haijaleta mapato, na benki haikopeshi asiye na mapato wala dhamana. Kinachobaki ni kuuza hisa, au kukopa kwa hati zinazoweza kugeuzwa kuwa hisa.

Hati hizo ndizo za kusomwa kwa makini. Mwaka 2013 BlackBerry ya Kanada, mauzo ya simu zake yakiwa yameporomoka, ilikopa dola bilioni 1 kwa njia hii kutoka Fairfax, kampuni ya bima na uwekezaji ya Kanada, na wawekezaji wengine. Bei ya kugeuzia, yaani bei ambayo deni hubadilishwa kuwa hisa, iliwekwa dola 10 kwa hisa, juu ya bei ya soko ya wakati huo. Wanahisa walijua tangu mwanzo mzigo unaishia wapi.

Sumu iko kwenye mkopo ambao bei yake ya kugeuzia inaifuata bei ya soko. Chukua deni la dola milioni 1 linalogeuzwa kwa punguzo la asilimia 20 chini ya bei ya soko. Hisa ikiwa dola 1, mkopeshaji anapata hisa milioni 1.25. Ikishuka hadi senti 10, deni lile lile linampa hisa milioni 12.5. Anageuza sehemu, anauza sokoni, bei inashuka, anageuza tena na kupata hisa nyingi zaidi. Mkopeshaji halazimiki kuiombea kampuni ipone. Mwanahisa wa kawaida ndiye anayeibeba hasara. Nikiona sharti hili kwenye mkataba, siangalii tena ahadi za menejimenti kuhusu bidhaa ijayo.

Bei ikikaa chini ya dola 1 kwa siku 30 za kazi mfululizo, Nasdaq, soko la hisa la Marekani, huipa kampuni onyo kwamba inaweza kuondolewa sokoni. Hapo mara nyingi hisa huunganishwa, tuseme 20 kuwa 1, ili bei ya kila hisa ipande. Hesabu hiyo haibadilishi asilimia yako. Tatizo ni kwamba kiwango cha juu cha hisa ambazo kampuni inaruhusiwa kutoa mara nyingi hakipunguzwi kwa uwiano huo, kwa hiyo menejimenti inapata nafasi mpya kubwa ya kuendelea kutoa nyingine.

Ghadhabu ya wanahisa huchemka zaidi pale wakurugenzi wanapojigawia hisa kama marupurupu huku bei ikiporomoka. Nadhani ni ghadhabu ya haki: anayezimua hapaswi kujijazia kikombe kwanza.

Uingereza, Sheria ya Makampuni ya 2006 inawapa wanahisa waliopo haki ya kwanza ya kununua hisa mpya zinazouzwa kwa fedha taslimu. Haki hiyo huweza kuondolewa kwa kura ya asilimia 75, na pendekezo la kuiondoa huletwa kwenye mkutano mkuu likiwa limeandikwa kama jambo la kawaida la kila mwaka. Wengi hulipitisha bila kulisoma, kisha bei inaposhuka ndipo wanauliza nani aliruhusu.