Je, wajua kwa nini bingwa wa dunia wa chesi aliomba sare huku yeye ndiye aliyekuwa na hali nzuri zaidi ubaoni?

Tarehe 26 Novemba 2018, jijini London, Magnus Carlsen wa Norwei alikuwa akitetea ubingwa wa dunia dhidi ya Fabiano Caruana wa Marekani. Ulikuwa mchezo wa 12, wa mwisho, na yote 11 iliyotangulia ilikuwa imeisha sare. Safari hii kete za Carlsen zilikaa vizuri zaidi, na saa yake ilikuwa imebakiwa na muda mrefu kuliko ya mwenzake. Baada ya hatua ya 31 akaomba sare, Caruana akakubali. Wapenzi wa chesi walipigwa na butwaa. Garry Kasparov, bingwa wa zamani, alitamka hadharani kwamba sasa alitilia shaka nafasi ya Carlsen ya kushinda.

Carlsen alikuwa amepiga hesabu ya saa. Kanuni zilisema wakitoka sare watakutana tena kwa michezo mifupi: dakika 25 kwa kila mmoja, na nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua. Katika chesi ndefu walitofautiana pointi 3 tu kwenye orodha ya dunia ya viwango vya wachezaji. Katika chesi ya haraka Carlsen alimzidi kwa takriban pointi 90. Siku mbili baadaye akamfunga michezo mitatu mfululizo.

Inakuwaje watu walewale wawili, ubao uleule, tofauti iwe kubwa hivyo? Muda unapobadilika, kinachopimwa nacho hubadilika. Katika michezo yao mirefu kila mmoja alipewa dakika 100 kwa hatua 40 za kwanza, 50 kwa hatua 20 zinazofuata, kisha 15, pamoja na sekunde 30 kwa kila hatua. Hapo mchezaji anaweza kukaa dakika 20 juu ya hatua moja akifuatilia: nikienda hivi, atajibu vile, nami nitafanya nini? Ukipunguza muda, ufuatiliaji huo unakatika, na mchezaji anategemea anachokitambua kwa jicho.

Jicho hilo limechunguzwa. Mwaka 1973 watafiti William Chase na Herbert Simon waliwaonyesha wachezaji ubao kwa sekunde 5, kisha wakawaambia wapange kete upya kwa kumbukumbu. Mpangilio ulipotoka kwenye mchezo halisi, mchezaji mahiri aliwaacha mbali sana wale wa viwango vya chini. Kete zilipotawanywa ovyo, ubora wake ulikaribia kutoweka kabisa. Alichokuwa nacho kichwani ni akiba ya sura za ubao alizozizoea kwa miaka mingi.

Ndiyo maana nashikilia kwamba chesi ya haraka hutumia akiba uliyonayo, na chesi ndefu ndiyo huiongeza. Anayeanza akicheza blitzi tu, yaani michezo ya dakika 10 au chini ya hapo, hurudia makosa yaleyale mara nyingi zaidi kwa siku, kwa sababu hapati nafasi ya kujiuliza mpinzani anataka nini. Huyo ningemshauri aanze na dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10, kisha apande hadi 30 au zaidi. Tena aandike hatua zake, kama inavyotakiwa kwenye mashindano ya chesi ndefu, ili baadaye aone ni wapi alipopotea.

Blitzi ina kazi yake, na ni kazi nzuri. Ukitaka kuujaribu ufunguzi mpya, yaani mpango wa hatua za mwanzo, michezo kumi ya dakika 3 na nyongeza ya sekunde 2 itakuonyesha jioni moja majibu ambayo watu huyapenda. Michezo ya dakika moja ni ya kufurahisha mno, lakini mkono mwepesi mara nyingi hushinda wazo zuri.

Zile sekunde za nyongeza zisidharauliwe. Bobby Fischer, bingwa wa zamani wa dunia, alipata hataza ya saa ya namna hiyo mwaka 1989, akaitumia katika mechi yake na Boris Spassky, naye bingwa wa zamani, mwaka 1992. Bila nyongeza, mtu mwenye kete za ziada, kama ngome na kitunda, anaweza kupoteza mchezo kwa kuishiwa muda tu. Kwa hiyo anayetaka kujifunza kumalizia michezo achague saa yenye nyongeza, hata kama dakika za mwanzo ni chache.

Na kama umejiandikisha kwenye mashindano ya dakika 90 na nyongeza ya sekunde 30, fanya mazoezi kwa muda huohuo wiki chache kabla. Kukaa makini saa nne kwenye kiti kimoja nako kunahitaji kuzoeleka, na blitzi haiwezi kukuzoesha hilo.