Hakuna aliyerudia darasa

Hapa Kondele, Kisumu, bado nasikia wazazi wakisema: "Mtoto wangu alirudishwa darasa moja kwa sababu ya korona." Sivyo, ingawa kosa hilo lina chanzo. Shule zilifungwa Machi 2020, na Julai Waziri wa Elimu wa wakati huo, George Magoha, akatangaza kwamba mwaka huo wa masomo umepotea, watoto wataanza upya Januari. Tangazo hilo ndilo lililobaki vichwani.

Mpango ulibadilika. Oktoba 12, 2020, Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne walirudi na kuanza muhula wa pili. Wengine waliuanza Januari 4, 2021. Muhula wa kwanza, ulioanza kabla ya shule kufungwa, ulihesabiwa. Mwaka wa masomo wa 2020 uliishia Julai 2021, mihula ikafupishwa, na kalenda ikarudi kuanza Januari mwaka 2023.

Na "masomo ya mtandaoni" ya wakati shule zimefungwa? Kwa wengi huku kwetu yalikuwa redio, tena betri zikiwepo. Bando la kutazama video lilimshinda mama muuza omena. Kwa hiyo darasa halikurudiwa. Yaliyokosekana ni masomo yenyewe, na hayo cheti hakiyaonyeshi.