STP haichagui swichi yenye nguvu zaidi

Wengi huamini kwamba STP (Spanning Tree Protocol, itifaki inayozuia data kuzunguka bila mwisho kati ya swichi, yaani vifaa vinavyounganisha kompyuta kwenye mtandao) ikishawashwa, swichi kubwa na ya kasi zaidi ndiyo itakayokuwa mzizi wa mtandao, yaani swichi ambayo njia za data hupangwa kuielekea. Sivyo. Katika kuchagua mzizi, itifaki hii haiangalii kasi wala bei ya swichi. Inalinganisha namba za kipaumbele, na iliyo ndogo ndiyo inayoshinda. Swichi nyingi hutoka kiwandani na 32768, kwa hiyo zinatoka sare, na mshindi huamuliwa na anwani ndogo kabisa ya MAC (namba ya utambulisho ambayo kifaa hupewa kiwandani). Mara nyingi hiyo huwa ya swichi kuukuu iliyosahaulika kabatini, na data nyingi hulazimika kupitia kwake. Kwa hiyo ipe swichi kuu kipaumbele cha 4096, na ya akiba 8192. Siku hizi hukubaliwa vigawe vya 4096 tu. Ukiandika 5000, swichi itakataa.