Jua la shambani na saratani isiyohesabiwa

Nikiulizwa saratani ya ngozi imeenea kiasi gani vijijini, huanza na ubovu wa hesabu yenyewe. Aina mbili zinazoongoza kwa wingi, ya seli za msingi na ya seli bapa, haziandikwi kikamilifu katika rejista nyingi za saratani, kwani wagonjwa wengi hupona kwa upasuaji mdogo. Mkulima asiyefika hospitali hayumo hata katika hesabu hiyo pungufu.

Kinachotusaidia zaidi ni kuangalia kazi za watu. Mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kuwa watu bilioni 1.6 walikuwa wakifanya kazi juani mwaka 2019, na karibu 19,000 walikufa mwaka huo kwa saratani za ngozi zisizo melanoma (saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi) zilizotokana na kazi hizo. Ni karibu kifo kimoja kati ya kila vitatu vya saratani hizo. Wakulima, wachungaji na wavuvi wamo humo.

Mgonjwa wa aina hiyo akiingia, macho yangu huenda kwenye masikio, kisogo, mdomo wa chini na migongo ya mikono. Natafuta mabaka yanayokwaruza kama msasa, yanayobanduka na kurudi palepale. Mengi hayafiki kuwa saratani, ila kwa kuyatazama tu siwezi kujua lipi litageuka.

Ngozi nyeusi ina melanini nyingi, yaani rangi asilia ya ngozi, kinga ambayo watu wenye ualbino hawana au wanayo kidogo mno. Lakini hata mweusi huota saratani: kwenye wayo, chini ya ukucha, au juu ya kovu la moto la miaka mingi. Bob Marley alifariki mwaka 1981 kwa melanoma iliyoanzia kidole cha mguu. Hizo, kwa kweli, jua halihusiki sana.

Losheni ya kuzuia jua ni nzuri, ila hutaka kupakwa upya kila saa mbili, na nani hufanya hivyo akiwa na jembe mkononi? Kwa mtu wa shamba naweka mbele kofia pana (kapelo huacha masikio na shingo wazi), shati la mikono mirefu, na palizi ya asubuhi na jioni. Mawingu mepesi yasikudanganye, miale hupenya.

Kidonda kisichopona kwa mwezi mzima kisiendelee kupakwa marhamu. Kikatwe kipande, kipimwe maabara. Kikiwa kidogo hutolewa kwa ganzi ya hapohapo na mgonjwa hurudi nyumbani siku ileile; kikicheleweshwa, huenda tukalazimika kuondoa sikio zima.