Zabibu kavu na kumbukumbu: maswali ninayoulizwa kila wiki

Je, zabibu kavu, tende na tini huongeza kumbukumbu?
Ni chakula kizuri, chenye nyuzinyuzi na potasiamu. Aliyeshinda na njaa akila tende atafikiri vizuri zaidi, kwa sababu njaa imemwachia. Lakini hakuna tunda kavu lililothibitishwa kurudisha kumbukumbu iliyopotea.

Mzee wetu ameanza kusahau. Tumpe kwanza zabibu zilizolowekwa, tuone?
Hapana. Kusahau ulipoweka funguo kisha ukakumbuka ni kawaida. Kupotea njia ya nyumbani au kurudia swali lilelile kila baada ya dakika chache si uzee, ni dalili ya ugonjwa. Mlete kliniki.

Hata tukijaribu zabibu kwa miezi miwili tu?
Hata miwili. Ninaowapokea wamekwisha kulishwa zabibu mwaka mzima, na familia inaniambia "tulikuwa tunasubiri zifanye kazi". Zabibu hazikumdhuru. Kusubiri ndiko kulikomdhuru. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vya kutosha, sonona, dawa za usingizi: vyote huleta usahaulifu, na vyote vina tiba. B12 haimo katika zabibu wala tende. Hupatikana kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa, na anayetumia metformini (dawa ya kisukari) kwa miaka mingi yuko hatarini zaidi kupungukiwa nayo. Ukichelewa, mishipa ya fahamu huharibika, na wengine hawaponi tena kikamilifu.

Ana kisukari. Tende si sukari ya asili?
Ni sukari. Gramu 100 za zabibu kavu zina takriban gramu 60 za sukari. Sukari isiyodhibitiwa huharibu mishipa ya damu ya ubongo, yaani mnaharibu kilekile mnachotaka kukitibu. Na tafadhali, msimwachishe dawa zake kwa ajili ya matunda.

Amechanganyikiwa ghafla, tangu asubuhi.
Hospitali sasa hivi. Si kesho. Kwa mzee huenda ni maambukizi, au sukari imeshuka. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, ni kiharusi: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Mwenye dalili hizo msimpe kitu mdomoni, hata zabibu moja, atapaliwa.

Tuje na nini kliniki?
Dawa zake zote, mitishamba ikiwemo, na mtu anayeishi naye. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi atasema hana tatizo.